Tairi Kuukuu Lililosahauliwa Uani

Penye motokaa hapakosi tairi kuukuu, na hapa Mkongani si ajabu kuliona limelala nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Tairi haliozi. Mwenyewe hulisahau, lakini mbu halisahau.

Mvua ikinyesha, maji huingia tumboni mwake, wala jua haliyafikii. Humo hutaga mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Yeye huuma mchana, hata chandarua cha usiku hakimzuii. Ndiye aletaye homa ya dengi, iitwayo pia kidingapopo, na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwanza katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Jirani zetu wa Mombasa waliugua dengi mwaka 2013, na chikungunya mwaka 2017 na 2018.

Mayai ya mbu huyu hugandamana na ukuta wa tairi, yakakaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, sharti kusugua.

Wengine hudhani kwamba dawa ni kulichoma moto. La hasha! Moshi wake una sumu, na nyaya zinazosalia huchoma miguu ya watoto na mifugo. Wala usilitupe korongoni, kwani Milima ya Shimba ndiyo yenye chemchemi za Marere, ambazo maji yake hunywewa hata Mombasa.

Basi yafaa kufanya nini? Kwanza, liweke mahali pasiponyeshewa. Pili, lipeleke kwa fundi wa akala. Sehemu ikanyagayo barabara hufanywa soli, na mbavu zake hukatwa kamba za kufungia mizigo. Tatu, ukipenda kupandia maua, litoboe chini na kulijaza udongo mpaka juu, pasibaki pa kutuama maji. Ukilikata liwe chombo cha kunyweshea mbuzi, limwage na kulisugua kila juma, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka imewapa waundao na waingizao bidhaa wajibu wa kushughulikia masalio yake. Hilo ni jema. Lakini tairi lililo uani mwako ni lako wewe, na mvua haingoji sheria. Zunguka nyumba yako leo kabla jua halijatua.