Kiswahili Pekee Hakitoshi

Uchaguzi ukikaribia, Wakenya huhubiriwa kwamba wangezungumza Kiswahili kila mahali, ukabila ungekwisha. Ni imani tamu, na si kweli. Kawangware inatosha kuikanusha.

Katika mtaa huu wa Dagoretti, Nairobi, Mluhya, Mkikuyu, Mluo na Mkamba hupatana bei ya sukuma wiki kwa Kiswahili, hutaniana kwa Sheng na kupeana gota kwenye kituo cha matatu cha 56. Hakuna anayehitaji mkalimani. Hata hivyo, Oktoba 27, 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, maduka na vibanda vilichomwa moto hapa, majirani wakageukiana kwa kabila. Waliofukuzana walikuwa wakielewana kila neno.

Tena Kiswahili chenyewe humfichua mtu. Anayesema “samba” akimaanisha shamba, au anayebadilishana “r” na “l”, hujulikana kwao ni wapi kabla hajamaliza sentensi. Siku za amani watu hucheka. Siku za fujo, lafudhi hiyohiyo humponza.

Wala si Kenya tu: Rwanda nzima ilisema Kinyarwanda mwaka 1994, na lugha hiyo moja haikuzuia mauaji ya kimbari.

Watetezi wa imani hii hukimbilia Tanzania, wakasahau nusu ya habari. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ilifuta mamlaka ya machifu wa jadi na kuunda Jeshi la Kujenga Taifa. Baadaye vijana wengi walisomeshwa shule za bweni mbali na kwao. Kuchukua lugha na kuacha sera hizo ni kubandika sufuria ya ugali bila unga.

Ujirani Kawangware hujengwa na mambo yasiyosemwa sana. Mama mboga humwandikia mteja deni daftarini bila kumuuliza jina la baba yake. Jirani huja matangani, akakaa kimya hadi usiku. Fundi viatu husogea kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa. Na kubaguliwa nako kuna ishara zake: bega linalogeuzwa, mazungumzo yanayokatika mtu akitokea, chumba ambacho mpangaji akishataja jina lake huambiwa kimechukuliwa, ilhali bado ki wazi.

Ubaguzi wa namna hiyo wa mwisho umekatazwa na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Wanaohubiri Kiswahili majukwaani wawasindikize wapangaji hao hadi mlangoni, waidai sheria hiyo mbele ya mwenye nyumba.