Kinyume, Silabi na Zoezi la Kwanza la Programu

Mojawapo ya mazoezi apewayo mwanafunzi anayeanza kujifunza Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ni kuficha ujumbe. Njia izoeleweka ni ile inayohusishwa na Julius Caesar wa Roma ya kale: kila herufi husogezwa mbele nafasi tatu, A ikawa D. Kwa kanuni hiyo, "sokoni Buguruni" huwa "vrnrql Exjxuxql". Zoezi hili lina manufaa, kwani humzoeza mwanafunzi kuupitia mfuatano wa herufi, moja baada ya nyingine. Hata hivyo, yafaa kuhoji iwapo ndilo limfaalo zaidi kijana wa Buguruni, Dar es Salaam, ambaye lugha yake ina fumbo lake yenyewe.

Fumbo hilo ni kinyume, yaani kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza. Si jambo geni: Edward Steere aliwahi kuandika mifano yake. Kwa kinyume, "sokoni Buguruni" ni "nisoko niBuguru". Tofauti ya njia hizi mbili ni ya kiisimu. Ya Caesar hushughulikia herufi. Kinyume hushughulikia silabi. Nayo Java huhesabu herufi tu, haijui silabi. Mwanafunzi hana budi kuieleza silabi ni nini, na hapo ndipo anapolazimika kuichunguza lugha anayodhani anaijua.

Kanuni itakayomjia kwanza ni kukata neno baada ya kila irabu. Inatosha kwa "Buguruni", na hata kwa "ng'ombe", ambalo huwa "mbeng'o". Lakini "mtu" lina irabu moja tu. Programu italiacha kama lilivyo, na siri itavuja. Msemaji husema "tum", kwa kuwa anatambua kwamba /m/ hiyo ni silabi, tena ndiyo yenye mkazo. Vilevile "labda" litatoa "bdala" badala ya "dalab". Kosa hapo si la kompyuta, bali ni la maelezo ya silabi yasiyokamilika.

Wapo watakaodai kwamba kinyume ni mchezo wa watoto. Dai hilo lina ukweli, ila njia ya Caesar nayo haina usalama: funguo zake ni 25 tu. Isitoshe, Kiswahili huifichua upesi. Kwa kuwa maneno yake karibu yote huishia na irabu, miisho ya maneno yaliyofichwa nayo itakuwa herufi tano tu, na ijitokezayo mara nyingi zaidi yaelekea kuwa "a".

Kwa hiyo, zoezi na libaki, lakini lianzie kwenye silabi. Idara za Kiswahili zisingoje kuombwa istilahi tu, ilhali zina kanuni za kutoa. Pasipo hivyo, kijana huyo ataendelea kuamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kutafsiria maelekezo ya wengine, wala si lugha ya kufikiria programu.