Msihame Kama Wanaotoroka



Barabara ya Musoma inayopita hapa kwetu Igoma ndiyo pia barabara ya Sirari na ya Nairobi. Kwa njia hiyo, au kwa ndege, familia za parokia zetu huhamia Kenya, Uarabuni, Ulaya na Marekani. Kuhama si dhambi. Papa Pius wa XII, katika hati yake Exsul Familia ya mwezi Agosti 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha wahamiaji wote. Basi hatuandiki ili kumzuia mtu. Tunaandika juu ya desturi inayoota mizizi miongoni mwetu, nayo ni kuhama kwa siri.

Maandalizi huchukua miezi, lakini jumuiya haiambiwi neno. Siku moja majirani huona kufuli mlangoni, na wiki mbili baadaye huja ujumbe kutoka ng'ambo. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba safari ikitangazwa huharibika, kwa kuwa wapo wenye wivu, na wapo warogi. Wengine hawasemi, lakini wanaowaogopa kweli ni wadai wao.

Mtu atatujibu kwamba Mtakatifu Yosefu naye aliondoka usiku. Ni kweli (Mt 2:14). Lakini Yosefu aliukimbia upanga wa Herode, hakuukimbia mkopo wa kikoba. Tena aliondoka pamoja na mtoto na mama yake. Kutomwonyesha kila mpita njia fedha za nauli ni busara. Kuwaficha wazazi, jumuiya na Kanisa ni jambo jingine, na Mkristo aliyebatizwa hapaswi kupanga maisha ya watoto wake kwa kuongozwa na hofu ya uchawi.

Tunapenda kuwaelekeza katika Kitabu cha Tobiti, sura ya 5. Kijana Tobia anatumwa nchi ya mbali. Baba yake hamwachii aende na yeyote tu: anamhoji mwongozaji kuhusu kabila na ukoo wake, wanapatana ujira, kijana anapewa hati ya fedha anazokwenda kuzidai, kisha baba yake anambariki. Maandalizi yote ya safari njema yamo humo.

Kwanza, mjue anayekupeleka. Binti akiitiwa kazi za ndani Uarabuni, wazazi wana haki ya kujua jina la wakala, jina na anwani ya mwajiri, na kubaki na nakala ya mkataba. Wakala anayeagiza kwamba nyumbani wasiambiwe amekwisha kujieleza yeye mwenyewe.

Pili, tengeneza hati mapema. Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na RITA, na pasipoti na Idara ya Uhamiaji. Tangu Julai 2016, cheti cha chanjo ya homa ya manjano hutambuliwa kimataifa kwa maisha yote ya mwenye nacho; kitunzeni. Anayehamisha vyombo vya nyumbani aandike orodha yake, kwa sababu forodhani huulizwa kimoja kimoja. Wala msisahau ofisi ya parokia. Kwa kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa, kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara na ndoa ya mbatizwa. Kijana anayetaka kufunga ndoa ugenini ataombwa cheti hicho, na kukitafuta kutoka mbali ni kazi ndefu kuliko kukichukua kabla ya kuondoka.

Tatu, maliza madeni. Fedha za kikoba au za SACCOS ni jasho la wenzako. Ukiondoka bila kulipa, waliokudhamini ndio watakaouza mbuzi wao. Kama huwezi kulipa yote, kaa na viongozi, mwandikiane namna ya kulipa. Dua za kuomba safari njema haziwezi kuwa mbadala wa haki.

Nne, amua wazi juu ya wanaobaki. Nani atampeleka bibi hospitali? Shamba na nyumba vinabaki mikononi mwa nani? Mke au mume akitangulia, mwenzake atafuata lini? Maswali haya yasipojibiwa mezani kabla ya safari, hujibiwa kwa ugomvi baadaye. Amri ya nne haina mpaka wa nchi.

Hapa Igoma tunayo makaburi ya ndugu zetu waliozama na meli MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Wengi wamelala hapo bila kutambuliwa, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Sisi tunaoishi jirani na makaburi hayo tunajua uchungu wa msafiri ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Kwa nini tuwasafirishe watoto wetu vivyo hivyo kwa hiari?

Kwa hiyo, familia inayojiandaa kuhama iiage jumuiya yake, isali pamoja nayo, iache anwani kwa katekista au ofisini, kisha ije altareni ibarikiwe baada ya Misa. Atakayeagwa hivyo atajua kwamba huku nyuma kuna watu wanaomtaja kwa jina katika sala, na siku akirudi, hata akirudi mikono mitupu, atakuwa na mahali pa kubisha hodi.

Mungu awabariki nyote.