Mboji kwa Bustani za Mpanda

Tangu Mkoa wa Katavi ulipoasisiwa mwaka 2012, na Mpanda ikawa makao makuu yake, tumehimizana sana kupanda miti katika viwanja vya umma; lakini mche uliotiwa katika udongo ulioshindiliwa na miguu na magurudumu, usio na rutuba wala unyevu, hauna budi kunyauka kiangazi kinapoingia, hata ukimwagiwa maji asubuhi na jioni.

Dawa yake tunaitupa kila siku. Mabaki ya mboga na maganda ya ndizi ya sokoni, samadi ya ng'ombe, na pumba za mpunga zinazorundikana mashineni (hizi zisizidi, maana ni kaidi kuoza), vikipangwa tabaka kwa tabaka, vikanyunyiziwa maji kwa kadiri na kupinduliwa, huchemka vyenyewe hata mkono usistahimili joto la ndani, na baada ya miezi michache huwa mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya ardhi iliyopata mvua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa dhamana ya taka ngumu. Basi naiomba Manispaa yetu, kwa heshima na taadhima, itenge uwanja wa mboji kabla ya mvua za Novemba.