Mtumishi, Beba Begi Lako Mwenyewe



Juzi mliulizana kwenye kundi, "Pasta yuko wapi?" Mama Pasta alijua, na wazee wawili walijua. Wengine sikuwaambia. Leo nawaambia nilikoenda, na kwa nini naamini kila anayetumika kanisani anahitaji kwenda hivyo angalau mara moja kwa mwaka.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, treni ya Kisumu iling'oa nanga pale stesheni ya Nairobi nikiwa ndani. Peke yangu. Begi mgongoni, simu imezimwa. Katika Mwanzo 1 siku huanza jioni, basi nikajiambia: kuanzia jioni hii hadi jioni ya kesho, siku hii ni ya Bwana na mimi.

Mzee mmoja alikuwa amenionya kwa upole. "Pasta, mtumishi hatembei peke yake. Bwana aliwatuma wawili wawili." Ni kweli, Luka 10 ipo na siifuti. Lakini soma pia Marko 1:35. Kabla ya mapambazuko Yesu alitoka, akaenda mahali pasipo watu kuomba, hadi Simoni na wenzake wakamtafuta. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake. Na malaika alipomfikia hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate, maji na nafasi ya kulala. Kuna uchovu ambao hautoki kwa kukemea, mpendwa. Unatoka kwa kula na kulala.

Usiku ule nililala nimeketi, kichwa kwenye dirisha. Tulishuka Bonde la Ufa gizani, tukapita Naivasha, tukapita Nakuru, tukapanda Mau kwenye baridi kali. Kulipokucha tulikuwa kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni, na joto la ziwa limeanza kuingia. Mama aliyeketi mbele yangu alinipa andazi bila kuuliza mimi ni nani. Hapakuwa na "Mtumishi wa Mungu, karibu mbele." Nilikuwa abiria tu, na nikagundua nilikuwa nimesahau kuwa abiria.

Kisumu nikapanda matatu hadi Luanda K'Otieno, kule Rarieda, ambako feri inavuka kwenda Mbita. Hapo ndipo begi lilianza kunihubiria. Nilikuwa nimebeba Biblia mbili, viatu vya ziada, mashati manne, daftari tatu za mahubiri. Mkanda ulinikata bega. Nikajiuliza, mbona siku zote begi hili ni jepesi? Roho Mtakatifu akanijibu pale pale: kwa sababu siku zote hulibebi wewe.

Mnamjua kijana anayenibebea begi na Biblia. Ni miaka saba sasa. Amenipa ruhusa niandike haya.

Feri ile hubeba magari, mizigo na watu, na kuvuka huchukua kama saa moja hivi. Nilivaa jaketi la kuokolea maisha, nikasimama pembeni nikitazama maji. Ziwa Victoria ni kubwa mno. Nchi tatu zinaligawana, na sehemu yetu Kenya ndiyo ndogo kuliko zote. Nikakumbuka habari niliyofundishwa shuleni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini kabla ya hapo meli iitwayo William Mackinnon ilikuwa tayari imeletwa kutoka Scotland vipande vipande, na wapagazi wakavibeba vipande hivyo kuelekea ziwani, vikaunganishwa huko. Meli ilipewa jina la tajiri mwenye kampuni za meli. Majina ya waliobeba hatukufundishwa.

Wapendwa, nilipokumbuka hayo nilinyamaza. Kwa maana Mbita ilikuwa inaonekana mbele yangu, na Mbita ndiko nyumbani kwa yule kijana. Mara tatu aliniomba ruhusa aende kumwona mama yake. Mara tatu nilimjibu, "Tumalize kongamano kwanza." "Tumalize mfungo kwanza." "Huduma kwanza, kijana." Nilizungumza kana kwamba mama yake anaishi ng'ambo ya dunia. Kumbe ni usiku mmoja na asubuhi moja.

Nikawasha simu nikampigia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Pasta, uko kwetu?" Akanielekeza. Nikanunua sukari na majani chai pale sokoni, nikaenda.

Mama alinipikia ugali na omena. Hakuniuliza kanisa lina watu wangapi. Aliniuliza, "Pasta, mtoto wangu anakula vizuri? Bado anakohoa usiku?" Sikuwa na jibu. Miaka saba mtu anabeba begi langu, nami sikujua kwamba anakohoa usiku. Najua namba ya simu ya kila mhubiri mgeni, lakini hilo sikulijua.

Nilimwomba mama msamaha. Jioni, mahali nilipolala, nilimwomba Mungu msamaha, na nilipiga magoti bila kipaza sauti, bila mtu wa kusema Amina. Ilikuwa imepita muda mrefu tangu niombe hivyo.

Sasa msimamo wangu ni huu, na mwenye kunipinga anipinge kwa Maandiko.

Wagalatia 6 inasema mambo mawili. Mstari wa 2 unatuagiza tuchukuliane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atabeba furushi lake mwenyewe. Makanisa yetu yameupenda mstari wa 2 ukielekea upande mmoja tu, wadogo wakiwabebea wakubwa. Kumheshimu mtumishi ni jambo jema. Lakini heshima inayomnyima mtu nafasi ya kumwona mama yake si heshima ya Kristo, na huduma isiyoweza kusimama siku moja bila mtu mmoja si imara, imefungwa kwake.

Jumapili ile nilikuwa Kisumu nikisubiri treni ya jioni. Mzee alihubiri. Watu wawili waliokoka. Sadaka ilihesabiwa bila mimi. Paa halikuanguka.

Kwa hiyo kanisani kwetu, kuanzia mwezi huu, kila anayetumika atakuwa na Jumamosi moja kwa mwezi ambayo haombi ruhusa, anaarifu tu. Yule kijana ameanza na wiki mbili nzima, na nauli tumempa. Na begi langu nalibeba mimi. Ukiniona nalo, usilikimbilie. Nisalimie tu.

Nawe unayesoma, tafuta siku yako. Si lazima iwe treni na feri. Panda matatu hadi mwisho wa barabara, ukae chini ya mti. Mwambie mtu mmoja unakoenda, maana kwenda peke yako si kutoroka. Wewe mume, kaa na watoto siku hiyo mkeo akienda. Yeye pia ana roho inayochoka. Funga begi mwenyewe, ulibebe mwenyewe, na likikuuma bega muulize Bwana ni nani amekuwa akilibeba.

Kisha umpigie huyo mtu. Leo, kabla hujalala.

Baba, tusamehe kwa mabega tuliyoyachosha kwa jina lako. Katika jina la Yesu.

Kama kuna jina limekujia ukisoma, usiandike Amina kwanza. Piga simu, halafu urudi uandike Amina.

Shalom.