Usiilaumu ngozi, laumu ukingo wa kiatu

Msomaji, ukifika nyumbani leo vua kiatu na upitishe kidole ndani, pale nyuma kinapogusa kisigino. Ukihisi ukingo mgumu, hapo ndipo lengelenge litakapoanzia.

Wauzaji wana jibu moja: "Kivae tu, kitapanuka." Nimelisikia mara nyingi, na nimechechemea mara nyingi. Ni ushauri mbaya. Ngozi haiumizwi na uzito peke yake. Unaweza kusimama saa nzima kwenye foleni na nyayo zisichubuke, kwa kuwa uzito umeenea wayo mzima. Lakini kitu kigumu kikikandamiza kilicho laini, nguvu hujikusanya ukingoni kuliko katikati. Mfaransa Joseph Boussinesq alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka wa 1885, na hadi leo mafundi wa mitambo huviringisha kingo za vyuma vinavyosuguana. Kiatu cha shule hakipewi heshima hiyo.

Sasa ongeza msuguano. Kila hatua mfupa wa kisigino hupanda na kushuka, ilhali ngozi imenata kwenye soksi. Tabaka za ngozi huvutwa huku na huku mpaka ndani huchanika, kisha maji hujaa katika mwanya huo. Ngozi yenye jasho hunata zaidi kuliko kavu, kwa hivyo soksi ya jana usiivae leo.

Kwa mtoto wa shule hayo ni maumivu ya siku chache. Kwa mwenye kisukari ni jambo jingine kabisa. Ugonjwa huo huweza kuharibu neva za miguu, asihisi lolote. Atatembea mchana kutwa akiwa na kidonda, na jioni ashtuke kuona damu kwenye soksi. Wagonjwa wengi wa kisukari waliokatwa miguu walianza na kidonda cha aina hiyo.

Nunua kiatu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ukijaribu ukiwa umesimama. Kibakishe nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu. Ukingo ukiwa mgumu, mpelekee fundi wa viatu aulainishe. Lengelenge usilipasue. Na kama una kisukari, kagua nyayo kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mtoto wako ikiwa huwezi kuinama. Ukiona hata mchubuko mdogo nenda hospitali, usingoje Jumatatu.