JE, HALI ZETU ZIMETENGENEA TANGU MWAKA 2020?



Swali hili huulizwa kila mwisho wa mwezi katika maofisi yetu, tena huulizwa kwa sauti ndogo kana kwamba ni aibu: Je, tangu ile dhiki ya mwaka 2020 hali zetu zimetengenea, au twazidi kudidimia? Mmoja husema, "Mshahara umepanda, tushukuru." Wa pili hujibu, "Umepanda, walakini haukai." Sisi twaona ya kuwa wote wawili wasema kweli, na yafaa kila kweli ipimwe kwa mizani yake.

Kwanza tukumbuke dhiki yenyewe. Ugonjwa wa korona ulipofunga njia za dunia, uchumi wa Tanzania haukuanguka kama wa nchi nyingi, bali mwendo wake ulipungua: kukua kwake, kulikokuwa karibu 7 katika mia mwaka 2019, kulishuka hata 4.8 mwaka 2020. Watalii waliokuwa zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019 hawakufika laki saba mwaka uliofuata. Sisi watumishi wa Serikali hatukukatwa mishahara. Huo ulikuwa mwavuli wetu. Illa mwavuli mmoja uliwakusanya wengi. Ndugu aliyeongoza wageni Arusha, shemeji aliyepika hotelini Unguja, mke aliyekuwa na duka lake la nguo, wote walimgeukia yule mwenye mshahara. Kisha mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ikavuka Shs. 3,000/- kwa lita, na nauli na vyakula vikaifuata, ijapokuwa Serikali ilitoa ruzuku kupunguza makali.

Sasa tuje kwenye mshahara. Haifai kukana neno lililo wazi. Mwaka 2021 kodi ya mshahara katika daraja la kwanza ilipunguzwa kutoka 9 hadi 8 katika mia, na ile tozo ya 6 katika mia iliyokuwa ikiongezwa juu ya mikopo ya elimu ya juu ikafutwa. Kima cha chini cha mtumishi wa umma, kilichokuwa Shs. 300,000/-, kilipandishwa mwaka 2022 kwa 23.3 katika mia kikawa Shs. 370,000/-, na Julai 2025 kikapandishwa tena kwa 35.1 katika mia, kikawa Shs. 500,000/-. Bei za vitu kwa ujumla hazikupanda kwa kadiri hiyo katika miaka hiyo. Basi mtumishi wa ngazi ya chini kabisa amepata nafuu ya kweli, na asemaye vinginevyo hajafanya hesabu.

Tuifanye sisi. Katika Shs. 500,000/- huondoka Shs. 25,000/- za pensheni, Shs. 15,000/- za bima ya afya, Shs. 16,400/- za kodi, na Shs. 10,000/- za chama cha wafanyakazi kwa aliye mwanachama. Hubaki Shs. 433,600/-. Kwa hesabu hiyo hiyo, katika Shs. 370,000/- zilibaki Shs. 326,480/-. Nyongeza ya Shs. 130,000/- huingia mfukoni kama Shs. 107,120/-. Si haba.

Walakini hapa ndipo penye fundo. Ile 35.1 katika mia ilikuwa ya kima cha chini, wala si ya kila mshahara. Karani wa ngazi za kati alisikia tangazo lile lile redioni, kisha akaona katika hati yake ya mshahara nyongeza iliyo ndogo kuliko hiyo. Lakini mwenye nyumba hakuulizia ngazi yake. Alisikia "mishahara imepanda," naye akapandisha kodi ya chumba, tena ataka ya miezi sita mbele. Muuza duka alisikia vivyo hivyo. Na ndugu wa kijijini, ambaye hana kosa lolote, alisikia pia. Hivyo karani wa kati hulipa gharama ya nyongeza ambayo hakuipata.

Jambo la pili ni madeni. Wengi walikopa katika miaka ile migumu ili watoto wasome na wagonjwa watibiwe. Karani kijana aliyesomeshwa kwa mkopo hukatwa 15 katika mia kabla hajaiona fedha. Kanuni yataka abakiziwe theluthi moja ya mshahara, na theluthi hiyo ikiisha siku ya kumi, wengine huenda kwa wakopeshaji wale ambao watu wamewaita "kausha damu." Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu wa namna hii, mshahara wake ukiongezeka, aliyetengenea ni mkopeshaji.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili: tumepona, lakini hatujapata nguvu. Mshahara umeinuka, nyumba nzima haijainuka.

Wazee wetu waliokianzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mbele yao, walijua ya kuwa karani anung'unikaye peke yake hunung'unikia ukuta. Nasi yatupasa kusema kwa kinywa kimoja mambo matatu. Mosi, kila nyongeza itangazwapo, itajwe kwa kila ngazi na kwa shilingi, ili mtumishi na mwenye nyumba wajue lililo kweli. Pili, malimbikizo ya waliopandishwa vyeo yalipwe kwa tarehe inayojulikana, kwani fedha ikawiayo huliwa na riba kabla haijafika. Tatu, na hili ni juu yetu wenyewe, kila ofisi iimarishe chama chake cha akiba na mikopo, mwenzetu apate msaada kwa riba ya haki asiuze theluthi yake gizani.

Mambo mawili ya kwanza twaiomba Serikali. La tatu halihitaji ruhusa ya mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Na tuanze mwezi huu, mshahara ungali mkononi.